Kutiki Invoisi Ndo Ilikuwa Shule Yenyewe

Wanafunzi wa uhasibu wanaotafuta nafasi za fildi ya kiangazi kwenye kampuni za ukaguzi wa hesabu siku hizi wanaulizana, hivi bado kuna maana? Wameona kampuni kubwa zinatangaza programu za akili mnemba zinazosoma invoisi, mikataba na taarifa za benki zenyewe, halafu mwaka 2025 zikatoka habari kwamba kampuni nne kubwa za ukaguzi nchini Uingereza, yaani Deloitte, EY, KPMG na PwC, zimepunguza nafasi za wahitimu wapya. Sababu zilizotajwa zilikuwa kadhaa, soko la ushauri lilikuwa limepoa na kazi nyingine zinahamishiwa nchi zenye gharama nafuu, ila kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni kimoja tu, mashine imechukua kazi ya mwanafunzi. Hapo ndo mjadala ukagawanyika. Kuna wanaoshangilia, wanasema bora, mwanafunzi alikuwa anapotezewa likizo yake kwa kuweka tiki kwenye makaratasi, sasa ataanza moja kwa moja na kazi ya maana. Na kuna wanaoomboleza, wanasema fildi imekufa, maana kampuni gani itamchukua mtu wa wiki nane au kumi akafanye kitu ambacho programu inakimaliza kwa dakika chache.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea sehemu ileile. Zote zinadhani kampuni ilikuwa inamchukua mwanafunzi kwa sababu ya zile tiki. Haikuwa hivyo hata siku moja. Tiki za mwanafunzi zilikuwa zinakaguliwa upya na mtu mwenye mshahara mkubwa zaidi, nyingine zinarudiwa zote, na mtu yeyote aliyewahi kusimamia wanafunzi wa fildi anajua kwamba wiki za mwanzo unapoteza muda mwingi kuliko unaookoa. Kilichokuwa kinatengenezwa pale ni mkaguzi, mtu anayeweza kuangalia karatasi iliyokaa sawasawa kabisa na bado akajiuliza imetoka wapi, na hicho kitu kilikuwa kinapatikana kwa njia ya hizo tiki. Kwahiyo swali la mashine kufanya kazi haraka kuliko mwanafunzi halina mjadala, inafanya haraka, limeisha. Swali lililobaki ni kwamba ile shule iliyokuwa imejificha ndani ya kazi ya kuchosha sasa inahamia wapi, nani anailipia, na mbona hakuna anayeizungumzia.

Tuanze na hiyo kazi yenyewe, maana wanaoibeza wengi wanaijua kwa kusikia. Kampuni nyingi zinafunga hesabu zao tarehe 31 Desemba, kwahiyo kipindi kigumu kwa wakaguzi ni kuanzia Januari hadi Machi na kuendelea kidogo, watu wanalala ofisini. Kiangazi ni kipindi chepesi zaidi, ndo maana mwanafunzi anaweza kupokelewa na mtu mwenye muda wa kumwelekeza. Siku ya kwanza anajaza fomu ya kueleza kama yeye au familia yake wana hisa au maslahi kwa wateja wa kampuni, na wengi hapo ndo wanaelewa kwa mara ya kwanza kwamba uhuru wa mkaguzi una masharti yanayoingia mpaka kwenye akaunti ya mzazi wako. Baada ya hapo anapewa sampuli. Anatoa malipo kwenye leja, yaani daftari kuu la hesabu, anatafuta invoisi, oda ya manunuzi, hati ya kupokea mzigo, saini ya aliyeidhinisha, halafu anafuata pesa mpaka kwenye taarifa ya benki. Analinganisha tarehe, kiasi, jina. Anachukua mlinganisho wa benki, yaani karatasi inayolinganisha vitabu vya mteja na taarifa ya benki, na kuzifuata hundi ambazo zilikuwa hazijapita mwisho wa mwezi aone kama kweli zilipita mwezi uliofuata, na lini. Anaandaa barua za uthibitisho za kwenda kwa benki na kwa wadaiwa wa mteja. Akibahatika anapelekwa stoo kuhesabu mali. Na kila alichofanya anakiandika kwenye karatasi za kazi, na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230 kinataka maandishi hayo yaeleweke kwa mkaguzi mzoefu ambaye hakuwepo kabisa kwenye ukaguzi huo, bila kuja kukuuliza.

Ukiisoma hivyo inaonekana ni ukarani. Ila angalia kilichomo ndani. Ukitoka kwenye leja kwenda kwenye invoisi unatafuta kitu kilichoandikwa bila kutokea, yaani mauzo hewa, matumizi hewa. Ukitoka kwenye hati ya kupokea mzigo kurudi kwenye leja unatafuta kitu kilichotokea bila kuandikwa, yaani deni lililofichwa. Karatasi ni zilezile, mwelekeo tu umegeuka, na swali unalojibu limebadilika lote. Kitabu cha chuo kinalieleza hili vizuri na mwanafunzi anajibu mtihani vizuri, lakini nimeona watu wenye alama za juu kabisa wanachanganya mwelekeo wakiwa mezani, na nimeona pia siku ile linapowaingia, huwa ni baada ya kushika hizo karatasi mara nyingi mpaka mkono unajua kabla ya kichwa. Hakuna anayeishika kazi hii kwa kusoma jedwali lililokamilishwa na mtu mwingine.

Nitatoa mfano mmoja wa kwangu kisha niendelee. Nikiwa mwanafunzi kwenye fildi ya kiangazi nilipewa invoisi za matengenezo, kazi ya kawaida tu, na zote zilikuwa na kila kitu, oda, saini, malipo yamepita benki. Kitu kilichonikwama ni kwamba msambazaji mmoja alikuwa ameleta invoisi kwa miezi tofauti na namba zake zilikuwa zinafuatana bila kuruka. Maana yake kwa miezi yote hiyo hakuwa na mteja mwingine hata mmoja. Nikamwambia kiongozi wa timu kwamba nahisi ni kampuni hewa, akanijibu niandike nilichokiona na nisiandike ninachohisi, halafu akanituma nikaulize mambo mawili kwa mteja, nani alimleta huyu msambazaji na nani mwingine alitoa bei. Mwishoni ikaonekana ni kampuni ya mfanyakazi wa zamani aliyejiajiri na kweli hakuwa na mteja mwingine, kazi ilifanyika, hamna kilichoibiwa. Lakini maswali yale mawili nimeyauliza mahali pengi tangu hapo, na kile kilichoniamsha hakikuwa kwenye orodha ya vitu nilivyoambiwa niangalie. Niliambiwa nilinganishe kiasi na tarehe. Namba ya invoisi niliiona kwa sababu karatasi zilikuwa mkononi mwangu, moja baada ya nyingine, na nilikuwa nimezichoka vya kutosha kuanza kuangalia pembeni.

Sasa hoja za upande wa mashine, na nianze na iliyo nzito kweli. Binadamu anachukua sampuli, programu inapitia miamala yote. Hii si hoja ndogo. Sampuli ya malipo ishirini na tano kati ya malipo elfu hamsini siku zote ilikuwa ni maridhiano kati ya uhakika na gharama, na viwango vya ukaguzi vimejengwa juu ya maridhiano hayo, vinakubali wazi kwamba kuna makosa yatapita kwa kuwa sampuli haikuyagusa. Programu inayosoma malipo yote inaweza kukuletea yaliyolipwa mara mbili, yaliyoidhinishwa usiku wa manane, yaliyogawanywa vipande ili yasifike kiwango kinachohitaji saini ya bosi. Hata zile namba zilizofuatana nilizoziona mimi programu nzuri ingeziona kwa sekunde, na ingewaona wasambazaji wengine wa namna hiyo ambao sampuli yangu haikuwagusa kabisa. Anayesema mashine haiongezi chochote kwenye ubora wa ukaguzi hajaangalia, na mimi sitaki kurudi kwenye kalamu nyekundu na mafaili.

Ila kupitia yote ni kupitia yote ya nini? Programu inalinganisha rekodi na hati. Hati ikiwa ya uongo na rekodi ikiwa ya uongo uleule, vinalingana asilimia mia. Historia ya taaluma hii imejaa hesabu zilizolingana vizuri sana. Mwaka 1938 ilifumuka kesi ya McKesson & Robbins nchini Marekani, ambapo oda, hati za usafirishaji na barua za biashara zilikuwepo zote, zimepangwa, na wakaguzi walizisoma, kumbe maghala yaliyotajwa Kanada hayakuwa na mali hiyo na takriban dola milioni 19 kati ya mali ya dola milioni 87 iliyokuwa kwenye vitabu ilikuwa hewa. Ni baada ya hapo ndo ikawa sharti mkaguzi aende akaone mali inavyohesabiwa na awaandikie wadaiwa moja kwa moja. Miaka zaidi ya themanini baadaye, Juni 2020, Wirecard, kampuni ya huduma za malipo ya Ujerumani, ikakiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye akaunti za benki Ufilipino inaelekea hazikuwepo kabisa, na mkaguzi wake kwa miaka kadhaa alikuwa ameridhika na uthibitisho uliopitia kwa mtu wa tatu badala ya kuupata wenyewe kutoka benki. Kwenye kesi zote mbili hakuna kilichokosekana kwenye kulinganisha. Kilichokosekana ni mtu wa kusema karatasi hii imenifikiaje, nani aliishika kabla yangu, na kwa nini isitoke benki moja kwa moja. Mwanafunzi anayeandaa barua ya uthibitisho na kuambiwa aipeleke mwenyewe, asimpe mhasibu wa mteja akaipeleka, anafundishwa jambo hilohilo ambalo Wirecard ilipita katikati yake. Kazi ya kipuuzi kabisa kwa kuangalia, bahasha na anwani.

Hoja ya pili ni ile ya kihistoria, kwamba tulisikia kilio hikihiki zamani. Programu za jedwali za kompyuta zilipoanza, VisiCalc mwaka 1979 na Lotus 1-2-3 mwaka 1983, watu waliogopa kwamba wahasibu wamekwisha, na hawakuisha, walichofanya ni kuhama kutoka kwenye kujumlisha kwenda kwenye kuchambua. Nakubaliana na sehemu ya ajira, mimi si miongoni mwa wanaotabiri kwamba taaluma itakufa. Lakini mfano huu haubebi uzito wanaoupa. Jedwali la kompyuta lilichukua hesabu ya kujumlisha na kutoa. Kijana bado alilazimika kuinuka, kuomba faili, kusoma invoisi, kumfuata mhasibu wa mteja na kumuuliza kwa nini tarehe hii inatangulia ile. Yaani lilichukua kidole na kuliacha jicho. Programu za sasa zinachukua kusoma kwenyewe, na wakati mwingine zinaandika na maelezo ya ulichokisoma, na hata lile swali kwa mteja zinakuandalia. Ukisema ni kitu kilekile cha 1979 unakwepa kuangalia ni kipande gani cha kazi kimeondoka safari hii.

Halafu inakuja hoja ambayo ndo inasemwa sana na ndo dhaifu kuliko zote, kwamba mwanafunzi sasa ataanza juu. Atakuwa anasimamia matokeo ya mashine, anatoa maamuzi, kazi za ukarani zimemtoka. Ukiisikiliza inapendeza, inamheshimu kijana, na matangazo ya nafasi yanaiandika kwa furaha. Lakini kukagua kazi iliyofanywa na mwingine ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye chumba cha ukaguzi, ndo maana inalipwa zaidi na ndo maana kwa miongo mingi ilikuwa inafanywa na mtu ambaye kazi ile ameshaifanya mwenyewe misimu kadhaa. Kumpa mtu aliyetoka mwaka wa pili wa chuo ripoti ya mashine yenye mistari mia nne na kumwambia aidhinishe ni sawa na kumpa mtu insha ya lugha asiyoijua akaisahihishe. Ataangalia kama imepangiliwa vizuri. Na mashine inapangilia vizuri siku zote, hata ikikosea, hasa ikikosea. Kazi mbaya ya binadamu ilikuwa na dalili zake, maandishi ya haraka, kisanduku kilichorukwa, maneno ya mwaka jana yaliyonakiliwa na tarehe haijabadilishwa, na msimamizi alijifunza kuzinusa. Kazi mbaya ya mashine haina hizo dalili, ni safi kama ile nzuri, kwahiyo anayeikagua anatakiwa kuijua kazi kwa undani zaidi kuliko zamani, halafu tunasema tumpe asiyeijua kabisa.

Tumeshaona inavyokuwa. Mwaka 2025 Deloitte Australia ililazimika kurudisha sehemu ya malipo ya serikali kwa ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za Australia, baada ya kugundulika kwamba ina marejeo ya maandiko yasiyokuwepo na nukuu ya kubuni iliyodaiwa kutoka kwenye hukumu ya mahakama, na toleo lililosahihishwa likakiri kwamba akili mnemba ilitumika. Ilikuwa kazi ya ushauri, sio ukaguzi wa hesabu, lakini kinachonigusa ni nani aliyegundua. Mtafiti wa chuo kikuu, mtu anayeijua fani ile na anayewajua walioandika ndani yake, aliona kitabu kinachodaiwa kuandikwa na msomi anayemfahamu akajua hakuna kitu kama hicho. Hakutumia programu ya kugundua programu. Alikuwa na kumbukumbu ya vitu halisi, na kumbukumbu ya vitu halisi inakuja kwa kuvishika. Sasa mpeleke huyo kwenye ukaguzi. Mtu ambaye ameona mlinganisho wa benki mia moja wa kweli anajua hundi ambayo haijapita kwa miezi saba inakaaje kwenye karatasi. Ambaye hajawahi kuona hata mmoja ataambiwa na mashine kwamba ni jambo la kawaida, na atakubali, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho.

Wengine watasema basi wafundishwe chuoni, kampuni si shule. Chuo kinafundisha mengi na sikidharau, ila mitihani peke yake haitengenezi tabia ya kazi, na hata kampuni zenyewe zinalijua hilo kwa uchungu, mwaka 2022 EY ililipa faini ya dola milioni 100 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanaibia kwenye mitihani, ikiwemo ya maadili. Vyombo vya taaluma navyo vinalijua, ndo maana ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, inataka miezi 36 ya uzoefu wa kazi pamoja na malengo yanayosainiwa na msimamizi, na ICAEW, chama cha wahasibu wa Uingereza na Wales, inataka angalau siku 450 za mafunzo kazini. Hizo namba ziliwekwa kwa kuamini kwamba kuna kitu kinaingia kwa mtu akikaa muda huo kwenye kazi. Na hapa ndo naona hatari ambayo haijasemwa vya kutosha, kwamba miezi inaweza kubaki ileile, saini zikabaki zilezile, na ndani yake kukawa kumebadilika kila kitu. Kijana atakuwa na siku 450 za kubonyeza kitufe cha kukubali na makaratasi yake yataonyesha ana uzoefu.

Lazima niwatendee haki wanaoshangilia, kwa sababu wana kitu cha kweli wanachokikumbuka. Fildi ya zamani haikuwa nzuri kihivyo. Wanafunzi wengi walimaliza kiangazi chote wakinakili karatasi za mwaka uliopita na kubadilisha tarehe, hakuna aliyewaeleza tiki inamaanisha nini, wengine walikuwa watu wa fotokopi mwanzo mwisho, na wengine hawakulipwa hata nauli. Aliyepitia hivyo akisikia mashine imeichukua hiyo kazi ana haki ya kufurahi. Lakini ukimuuliza vizuri utagundua analalamikia kukosa mtu wa kumfundisha, na huyo mtu mashine haijamleta. Invoisi hamsini bila mwalimu zilikuwa adhabu, na invoisi hamsini pamoja na kiongozi wa timu anayekuuliza umeona nini zilikuwa darasa ambalo hakuna ada inayoweza kulinunua. Ukiondoa invoisi na mwalimu bado hayupo, mwanafunzi amebaki na nini? Hata sheria zimeliona hili kwa njia yake, Marekani tangu 2018 wizara ya kazi inatumia kipimo cha kuangalia nani ananufaika zaidi kati ya mwanafunzi na mwajiri, na moja ya mambo saba yanayoangaliwa ni kama kazi ya mwanafunzi inakamilisha kazi ya walioajiriwa badala ya kuchukua nafasi yao, huku yeye akipata elimu ya maana. Sheria ile inahusu malipo, lakini ndani yake imekubali kwamba fildi ni kwa ajili ya anayejifunza. Kama ndivyo, kusema haina kazi tena kwa sababu mashine inazalisha zaidi ni kuipima kwa kipimo ambacho haikuwahi kuwa chake.

Na kampuni zenyewe zina hesabu ya kupiga hapa, maana gharama ya mafunzo siku zote ilikuwa imejificha. Mteja alikuwa analipia saa za kijana akitiki, kwahiyo mafunzo yalikuwa yanalipwa na ankara ya ukaguzi bila mtu kuyaita mafunzo. Mashine ikizifuta hizo saa, na ile ada iliyobeba elimu inafutika pamoja nazo. Kumfundisha kijana sasa kunakuwa mstari wa gharama unaoonekana, na mstari wa gharama unaoonekana ndo wa kwanza kukatwa pale patna, yaani mmiliki mwenza wa kampuni, anapotafuta faida ya mwaka. Hili silioni kama ubaya wa mtu fulani, ni jinsi motisha zilivyokaa. Kila kampuni peke yake itaona ni busara kupunguza vijana na kuchukua waliokwisha kufundishwa na wengine, na zote zikifanya hivyo kwa pamoja hakutakuwa na hao wengine. Anayeingia fildi kiangazi hiki ndo angekuwa meneja miaka saba au nane ijayo na patna miaka kumi na tano ijayo, anayesaini kwamba hesabu zinaonyesha picha ya kweli na ya haki. Shimo likitokea huku chini leo, kule juu hakuna atakayeliona mpaka muda huo ufike, na muda huo ukifika huwezi kumnunua mtu wa misimu kumi ya kazi kwa haraka.

Kinachowezekana kufanywa wala sio kikubwa. Mwanafunzi apewe sampuli ndogo aifanye mwenyewe kabla hajaona majibu ya mashine, halafu majibu yawekwe pamoja na aeleze kila tofauti, pale mashine ilipoona asichokiona na pale alipoona yeye ambacho mashine imepita. Hiyo ni asubuhi moja ya kazi na inafundisha pande zote mbili, nguvu ya chombo na mwisho wa nguvu yake. Apelekwe stoo. Kuhesabu mali bado ni kazi ya miguu, na ndiko vijana walikochezewa zaidi. Sam Antar, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Crazy Eddie, kampuni ya Marekani ya kuuza vifaa vya elektroniki iliyoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, ameeleza hadharani jinsi walivyokuwa wanawachangamkia wakaguzi vijana ili wasikae makini kwenye kuhesabu, wakishajua kipi kimehesabiwa wanaongeza namba kwenye kile ambacho hakikuhesabiwa. Kijana aliyesimama stoo mara moja na msimamizi mzuri akamwambia usimwonyeshe mtu yeyote karatasi yako, hatasahau kwa nini. Vyombo vya taaluma navyo viache kuhesabu miezi tu, viulize ni nini kilifanywa na mtu kwa mikono yake na ni nini alikisimamia tu, na msimamizi asaini vyote viwili kwa kutenganisha. Na vyuo viache kuridhika na daftari la fildi lenye mhuri, mwalimu amuulize mwanafunzi aeleze muamala mmoja tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, ataelewa ndani ya dakika kumi fildi ilikuwa ya namna gani.

Kwa wanafunzi wenyewe, wale wanaochagua sasa hivi, nawaomba jina la kampuni lisiwe kitu cha kwanza. Kwenye usaili huwa wanakupa nafasi ya kuuliza, na wengi wanaitumia kuuliza kama kuna ofa ya kazi mwishoni. Uliza hilo pia, ni haki yako na fildi siku zote ilikuwa usaili mrefu. Lakini uliza kwanza ni nyaraka zipi utazishika wewe mwenyewe, je utaenda kwa mteja au utakaa na skrini kiangazi chote, na ni nani atakayesoma ulichoandika na kukurudishia na maswali. Kampuni inayojua inachofanya itakujibu hilo la mwisho kwa kumtaja mtu na cheo chake. Ikikujibu kwa kutaja programu, na una ofa nyingine kutoka ofisi ndogo isiyojulikana ambako patna mwenyewe anakaa na vijana mezani, chukua hiyo ndogo.